Wiki Mbili za Konje: Nyumba yenye Watoto Wadogo Goma, kati ya Noeli na Bonane

Sikukuu za mwisho wa mwaka mjini Goma hupangwa na watu wazima kana kwamba ni siku mbili tu, yaani Noeli ya tarehe 25 Desemba na Bonane, jina ambalo wakazi wa Kivu huipa siku ya kwanza ya Januari, ilhali mtoto wa miaka miwili hadi saba huziishi kama kipindi kirefu kinachoanza shule inapofungwa na kwisha siku anapovalishwa tena shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Kipindi hicho, ambacho mjini huitwa konje, yaani likizo fupi inayotenganisha muhula wa kwanza na wa pili, huchukua takriban wiki mbili, na ndani yake siku zenye nyama, nguo mpya na wageni ni chache mno zikilinganishwa na siku ambazo mvua inanyesha, maji yanatafutwa, mama yuko sokoni na watoto wanne wako uani bila kazi. Mzazi anayemaliza akili na fedha zake zote kwa ajili ya siku hizo mbili hujikuta, ifikapo tarehe 27, akiwa na watoto waliochoka, chakula kilicholala na hasira ambayo hakuna aliyeikusudia; kwa sababu hiyo maelekezo haya yanaanzia kwenye siku za kawaida.

Jambo la kwanza la kulindwa ni mpangilio wa siku, kwa kuwa mtoto mdogo hajui saa bali hujua mfuatano wa mambo, na shule ikifungwa mfuatano wote huvurugika kwa mara moja. Haifai kuiga ratiba ya darasa wala kuibandika ukutani. Yatosha mambo matatu yabaki palepale kila siku, nayo ni uji wa asubuhi, usingizi wa mchana kwa walio chini ya miaka mitano, na saa ya kulala usiku. Kati ya hayo, usingizi wa mchana ndio unaovunjwa kwanza na wageni na ndio unaostahili kupiganiwa zaidi, kwani mtoto wa miaka mitatu ambaye hakulala mchana wa Noeli hulia jioni kwa sababu asiyoijua mwenyewe, na watu wazima huhesabu kilio hicho kuwa utovu wa adabu au, kwa baadhi yao, jicho baya la mgeni.

Kati ya uji na usingizi huo kuna saa nne au tano za kujazwa, na hapa ndipo nyumba nyingi huwafukuza watoto jikoni ili kazi iende haraka, kisha zikashangaa kuwakuta barabarani. Ni afadhali kazi iende polepole. Maandalizi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo ambayo ni vigumu kuifikiria meza ya sikukuu ya Kivu bila hiyo, yanaonyesha jinsi hilo linavyowezekana: mtoto wa miaka minne hawezi kuinua mchi, lakini anaweza kuketi kwenye mkeka mbele ya rundo la majani, akavunja kikonyo cha kila jani na kukitupa upande mmoja, akaweka jani upande wa pili, na kila baada ya dakika chache akakosea pande na kuanza upya kwa furaha ileile; naye wa miaka sita hupewa ungo wa mchele, akatoa mawe madogo na kuyapanga mstari ili ayahesabu baba atakaporudi. Kuna sharti moja, kwamba majani mabichi hayaingii mdomoni, kwa kuwa yana kemikali inayozalisha sianidi, sumu ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mama angemaliza kazi hiyo peke yake kwa nusu ya muda, lakini asubuhi nzima imepita bila ugomvi, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha.

Mbabula, yaani jiko la makaa la kubebeka, lina kanuni zake. Nje huzungushiwa duara la vipande vya mawe ya volkano, ambavyo Goma havitafutwi, na mtoto akafundishwa kwamba duara hilo halivukwi hata mpira ukiingia ndani yake. Usiku halipelekwi chumbani kwa namna yoyote, ijapokuwa mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jioni za mvua za Desemba zina baridi inayoshawishi, kwa sababu makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Sweta na blanketi la pili, hata la mitumba, ndilo jibu la baridi.

Kuhusu fedha, ushauri wa jumla wa kutotumia kupita kiasi haumsaidii mtu, kwa maana kila mzazi anaujua. Kinachosaidia ni kuitenga Januari kabla ya kununua kuku. Elimu ya msingi katika shule za umma imekuwa bila malipo tangu Septemba 2019, lakini shule za binafsi na madarasa ya awali hudai ada yake, ambayo Wakongomani huiita minervali, na hata shule isiyo na ada huhitaji madaftari na viatu. Aidha, tangu mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi la M23, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama, hivyo familia nyingi zikategemea fedha za ndugu zinazotumwa kwa simu, ambazo huweza kuchelewa hasa wakati kila mtu anazihitaji. Anayesubiri kutumiwa fedha tarehe 23 ili aingie soko la Virunga au maduka ya Birere tarehe 24 hukuta msongamano, bei zilizopanda na watoto wasioona mbele kwa miguu ya watu wazima. Nguo hununuliwa mapema mwezi Desemba, kidogo kidogo, mtoto akiwa amebaki nyumbani na kipimo chake kimechukuliwa kwa kamba. Na mwenye dola huzikagua kwanza, kwa kuwa noti iliyochanika hata pembeni hukataliwa sokoni.

Viatu vinahitaji neno zaidi. Desturi ya kununua kiatu kilichozidi mguu ili kidumu mwaka mzima inaeleweka, lakini kiatu hicho, kikiwa kimejazwa karatasi puani na kuvaliwa kwa mara ya kwanza asubuhi ya Noeli, huchubua kisigino kabla mtoto hajafika kanisani, na mchana wote unaobaki mtoto hubebwa mgongoni. Kivaliwe nyumbani jioni tatu au nne kabla, pamoja na soksi zake, na nyuma kilainishwe kwa mafuta ya kupaka. Kuhusu kuficha nguo mpya hadi siku yenyewe, wazazi wana sababu zao, lakini shati ambalo mtoto amelijaribu mara moja na kulikunja mwenyewe humpa siku nyingi za kutazamia, ambazo kwake ni sehemu ya sikukuu sawa na kulivaa.

Vitu vya kuchezea havihitaji kununuliwa kwa wingi katika mji ambao watoto wake hujitengenezea magari ya waya na makopo, mipira ya mifuko iliyofungwa kwa kamba, na chukudu ndogo, yaani mfano wa ule usafiri wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba magunia ya viazi na makaa kutoka vijijini, ambao sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mji. Mjomba au kaka mkubwa anayeketi nusu siku na watoto kuchonga gurudumu ametoa zawadi kubwa kuliko mdoli wa plastiki utakaovunjika kabla ya Bonane. Bastola za plastiki, zinazouzwa kwa wingi msimu huu, ni suala la namna nyingine, na hapa msimamo unapaswa kuwa wazi: hazifai Goma. Si kwa sababu mchezo wa vita humfanya mtoto kuwa mwanajeshi, hoja ambayo si rahisi kuithibitisha, bali kwa sababu mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yaliacha mabaki ya silaha katika mitaa na viwanja ambamo watoto wanacheza, na mtoto aliyezoea kuokota kitu kinachofanana na silaha kwa furaha hawezi kutarajiwa kukiogopa kile halisi. Anachopaswa kufundishwa ni mambo matatu mafupi, ayarudie hadi yamkae kichwani: sigusi, nakumbuka mahali, namwambia mtu mzima.

Hatari nyingine za konje hutokana na umbali unaoongezeka, kwa sababu watoto ambao siku za shule huzunguka kati ya nyumba na darasa sasa hufuatana na binamu zao hadi ziwani na kwenye viwanja vya mawe ya volkano. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, na sifa hiyo huwafanya wazazi kulegeza macho, ilhali sehemu nyingi za ufuko wake huteremka ghafla, kiasi kwamba mtoto aliyekuwa amesimama maji yakimfikia kiunoni hupiga hatua mbili na kukosa pa kukanyaga. Familia inayokwenda ufukoni alasiri ya Noeli huwa na watu wazima wengi, na wingi huo ndio udhaifu wenyewe, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Inafaa achaguliwe mtu mmoja kwa jina, aangalie kwa nusu saa bila simu wala chupa mkononi, kisha ampokeze mwingine kwa kumwambia waziwazi kwamba sasa zamu ni yake.

Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo na barabara ya Sake, kuna jambo ambalo mgeni kutoka Kinshasa au Bukavu hawezi kulijua asipoambiwa. Mazuku, jina la wenyeji ambalo wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo, ni mikusanyiko ya gesi, hasa dioksidi ya kaboni, inayotoka ardhini kupitia nyufa za miamba na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni mahali upepo usipofika. Haionekani wala hainuki. Ukubwa wa hatari hutegemea kimo: mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua hewa safi mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka mitatu tayari kimo ndani ya gesi, na mtoto huyo, akiinama kuokota mpira, hana nafasi ya kupiga kelele. Usiku na alfajiri, hewa inapotulia, gesi huwa nyingi zaidi. Majani yaliyokauka katikati ya kijani, pamoja na wadudu, ndege au mbuzi waliokufa, ni dalili zinazotosha kumrudisha mtu alikotoka. Kwa hiyo familia inayopokea watoto wa ndugu kwa konje huanza, kabla ya kuonyesha vitanda, kwa kuwatembeza mchana na kuwaonyesha mashimo yasiyoingiwa, na kuwaeleza kwamba mwenzao akianguka humo wakimbie kuita watu wazima wala wasiinamie kumwinua, kwa kuwa anayeinama huvuta gesi ileile.

Suala la mtoto kupotea limewahi kuipa Goma somo zito. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 na watu kukimbia gizani, wengine kuelekea Rwanda na wengine Sake, UNICEF ilitangaza siku iliyofuata kwamba zaidi ya watoto 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao. Umati wa Bonane si mlipuko wa volkano, lakini mtoto anayeachwa nyuma na kundi la binamu zake huhitaji kilekile: aweze kusema jina lake kamili, jina la baba na la mama badala ya kusema “mama”, kartie, yaani mtaa, anamoishi, avenyu yake, na jina la kanisa au duka lililo jirani. Mtoto wa miaka minne huyashika hayo yakiimbwa wakati wa kuoga. Kwa aliye mdogo zaidi, namba ya simu huandikwa kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono, au kwenye kitambaa kinachoshonewa ndani ya nguo, na mara mbili kwa siku mtu mzima aliyepewa jukumu huhesabu vichwa. Mjumbe wa nyumba kumi naye apewe taarifa kwamba nyumbani kuna watoto wageni, kwani ndiye atakayeulizwa kwanza.

Ibada huwapa watoto sehemu ambayo wazazi huidharau. Katika majuma ya Desemba watoto wa ekodimu, yaani shule ya Jumapili ya makanisa ya Kiprotestanti, na wale wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki chenye majina ya kijana mfiadini wa Uganda na ya sista Mkongomani aliyeuawa mwaka 1964, hukariri aya na kufanya mazoezi ya igizo la kuzaliwa kwa Yesu; mtoto anayecheza mchungaji asiye na neno lolote la kusema huwa na shughuli ya majuma kadhaa, na ni bora mazoezi hayo yahesabiwe kuwa konje yenyewe kuliko kero ya usafiri. Mkesha ni habari nyingine. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana anachopata saa sita za usiku kwenye benchi, na usalama wa barabara za mji usiku hauruhusu kubahatisha. Ibada ya asubuhi inamtosha, na nyumba yenye watoto wa rika hilo humwacha mtu mzima mmoja nao bila kumhesabia dhambi. Wakibaki nyumbani, waambiwe mapema, mchana, kwamba usiku wa Bonane kutakuwa na vigelegele, sufuria zitagongwa na fataki zitalia, na waonyeshwe mlio wa sufuria wao wenyewe, kwa sababu watoto wa mji huu wana kumbukumbu nyingine ya milio ya usiku, na anayeshtuka usingizini hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba hakuna kitu.

Maswali kuhusu jirani asiyesherehekea yatakuja pia, na yajibiwe kwa ukweli wa kawaida: Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Noeli, Waislamu wana Idi zao, na Wakimbangu, waumini wa kanisa lililoanzia Kongo kwa mahubiri ya Simon Kimbangu mwaka 1921, huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei. Sahani ya chakula inayopelekwa kwa jirani na mtoto mwenyewe, ikiwa imefunikwa na kushikwa kwa mikono miwili, humfundisha mengi kuliko maelezo hayo.

Chakula cha sikukuu huwadhuru watoto kwa kulala zaidi kuliko kwa wingi. Wali, sombe na nyama vilivyopikwa tarehe 24 jioni na kuachwa katika sufuria hadi kesho yake mchana, katika nyumba isiyo na friji, ni chanzo cha tumbo la kuharisha ambalo husingiziwa peremende. Kipikwe kinachokwisha siku hiyohiyo, na kinachobaki kitolewe kwa majirani kingali moto. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaangwa kwa dakika chache na hivyo hufaa kwa wageni wa ghafla kuliko sufuria kubwa inayosubiri. Maji ya kunywa, yawe ya ziwa au ya bomba, huchemshwa au kutiwa klorini, na bidoni, yaani dumu, lake hutengwa na la kufulia, kwa maana kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa kandokando ya ziwa hili na wingi wa wageni huongeza vikombe vinavyochovywa. Mtoto akianza kuharisha, hunyweshwa mara kwa mara mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, huku akipelekwa kituo cha afya. Kuharisha kwa maji matupu hakusubiri sikukuu ipite.

Safari za kwenda kwa babu na bibi, ambazo zamani ndizo zilizokuwa konje kwa watoto wengi, sasa hutegemea barabara ipi iko wazi na ipi imefungwa. Anayesafiri kwa ziwa kwenda Minova, Idjwi au Bukavu akumbuke boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, ikiwa inatoka Minova na imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa. Boti isiyo na jaketi la kuokoa linalomtosha mtoto haipandwi, hata kama nauli imelipwa na bibi anasubiri. Wanaobaki wanaweza kumpigia bibi simu jioni kwa saa iliyokubaliwa, akawatolea kitendawili kimoja kwa Kinande, Kihunde au Kinyarwanda, na jibu likasubiri simu ya kesho, jambo linalowashughulisha watoto mchana kutwa.

Kurudi shuleni kunaanza kabla ya tarehe 4 Januari, siku ya Mashahidi wa Uhuru inayokumbuka machafuko ya Léopoldville ya mwaka 1959, ambayo kwa nyumba nyingi ndiyo mapumziko ya mwisho. Mtoto aliyezoea kulala saa nne usiku harudishwi saa mbili kwa amri ya jioni moja, bali kidogo kidogo kila usiku kuanzia tarehe 2. Shati jeupe hufuliwa mapema kwa sababu mvua inaweza kulizuia kukauka, na viatu vya shule hujaribiwa, kwani mguu umekua. Ikiwa shule inafunguliwa Jumatatu, Jumapili jioni nyumba haipokei mgeni.